Mlinzi wa Pagale

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, nilikuwa nachukua kisahani changu na kwenda jikoni kwa Salima, mpangaji mwenzangu, kununua chapati mbili. Nilizila kwa chai ya rangi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Salima alitokea Karema, kando ya ziwa, na alikuwa anaongea kwa niaba yetu sote wawili. Mimi niliitikia kwa kichwa. Alishanizoea.

Jumamosi ile nilikuwa nimemega chapati ya kwanza tu, bodaboda ikaingia uani ikiwa na godoro limefungwa kwa mpira nyuma ya dereva. Kijana mrefu aliyekuwa amelishikilia akashuka, akajipangusa vumbi.

"Mwalimu Hana ni yupi hapa?"

"Huyo hapo anayejificha nyuma ya daftari," Salima akajibu kabla yangu. "Haya makubwa! Mwanaume na godoro lake asubuhi yote hii! Mwalimu, ndoa yako hata mchango hukututangazia?"

Kijana hakucheka. "Mimi naitwa Mabula. Nimetumwa na mzee wako. Kasema funguo ya chumba cha nne unayo wewe."

"Mzee wangu?" Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita.

"Mzee Kassiani. Mwenye nyumba, kule njia ya Kasokola." Akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara nne. Mwandiko wa baba mdogo niliutambua kabla sijaisoma, zile herufi kubwa zilizolala upande mmoja kama mpunga ulioangushwa na mvua. Nimepokea kodi ya mwaka mzima kutoka kwa Mabula, chumba cha nne. Chini yake: Kassiani, Mwenye Nyumba.

Nikairudisha chapati kwenye kisahani. Nyumba ile ilikuwa yangu. Na chumba cha nne nilishampa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine alikuwa Agape, muuguzi tuliyesoma naye sekondari. Alinilipa kodi ya miezi sita kabla chumba hakijapata hata mlango, kwa kuwa aliniamini, na hela yake ndiyo iliyonunua mlango wa bluu na nondo za dirisha la chumba hicho. Alitakiwa ahamie Jumatatu.

Nilipaswa kumwambia Mabula palepale kwamba amelipa kwa mtu asiye na nyumba. Maneno nilikuwa nayo. Lakini alikuwa amesimama na godoro lake, dereva wa bodaboda anamtazama, Salima ameweka mwiko chini ili asikie vizuri, na mimi nikasema, "Subiri nivae viatu."

Baba mdogo alijua nitasema hivyo. Ndiyo maana hakunipigia simu. Alijua kwamba mbele ya mgeni siwezi kukataa kitu.

Nyumba ilianzia kwenye simu. Kundi letu la walimu la WhatsApp lilikuwa na mtu aliyetuma sauti ndefu kuhusu uwekezaji wa nyumba za kupangisha. Usisubiri utajiri, alisema. Tafuta kiwanja cha pembezoni ambako mji unaelekea. Usijenge jumba la kuishi, jenga vyumba. Kopa kwa mshahara, wapangaji ndio watakaokulipia deni. Nilizisikiliza sauti zile nikiwa napika, nikiwa nafua, mpaka nikazikariri. Mimi ambaye hata nauli iliyozidi naona aibu kudai, nikajiona ninaweza kuwa mwenye nyumba. Ni kazi ya kukaa kimya, nilifikiri. Vyumba vinafanya kazi, wewe unanyamaza.

Nikaenda benki. Nikakopa milioni kumi na mbili, kulipa kwa miaka sita, zikikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri: vyumba vinne kwa elfu arobaini kila kimoja vingerudisha zaidi ya nusu ya makato, na kilichopungua ningekibeba kwa kuendelea kukaa kwenye chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Kashaulili na kula kidogo. Hesabu hiyo mpaka leo naiona ilikuwa sahihi.

Nilipokosea ni kwenye mlinzi.

Huku kwetu pagale halikai peke yake. Nyumba ambayo haijaisha ukiiacha wiki moja bila mtu, utakuta mbao zimeondoka, saruji imeondoka, hata tofali za kuchoma zimepungua. Kwa hiyo kila anayejenga anatafuta ndugu wa kuishi mle ndani. Anatandika godoro kwenye chumba kisicho na dirisha, anafunga turubai mlangoni, na nyumba inakuwa na mtu. Mshahara hakuna. Unampelekea unga, mafuta, maharage, na vocha siku ukiwa nayo. Hakuna anayeandikishana na ndugu yake. Utaanzaje kumpa baba mdogo karatasi asaini kwamba yeye ni mlinzi tu?

Nikampigia baba mdogo Kassiani, mdogo wake marehemu baba, kule kijijini kwetu Mamba. Mwaka ule hakuwa amelima. Alikuja na begi moja na jembe.

Halafu nikaongeza kosa la pili kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliwaambia mafundi kwamba mwenye nyumba ni baba mdogo. Niliogopa wakijua ni binti wa miaka ishirini na saba watanipandishia bei, watanichelewesha, watanitania. Niliogopa pia walimu wenzangu wakijua ninajenga watakuja kukopa. Kwa hiyo fundi alipouliza mlango uelekee wapi, nilimwambia, "Muulize mwenye nyumba," nikamwonyesha baba mdogo amekaa juu ya rundo la tofali. Wakaanza kumwita hivyo. Yeye mwanzoni alikuwa anacheka na kunitazama. Baadaye akaacha kunitazama.

Wapangaji wa kwanza wawili walipopatikana, nikaona aibu kugonga milango ya watu na kuomba kodi. Nikamwachia yeye. Kila mwisho wa mwezi aliniambia, "Wanasuasua, mwanangu. Maisha magumu. Tuwavumilie." Nikawavumilia. Makato yangu benki hayakunivumilia mimi.

Jumamosi ile, mimi na Mabula tulipofika njia ya Kasokola, baba mdogo alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anachonga mpini. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Naona umemleta mpangaji wetu." Akamgeukia Mabula. "Si nilikuambia? Mwanangu huyu mpole, hana maneno."

Mlangoni kwa chumba cha pili alikuwepo Lusia, mama muuza maandazi, anapepea jiko. Nilimsalimia, nikakusanya ujasiri wangu wote, nikamuuliza kama mwezi huu anaweza kupunguza kidogo deni la kodi.

Akaacha kupepea. "Deni gani tena? Dada, samahani, wewe ni nani hasa?"

"Mimi... ni Hana."

"Mtoto wa baba mwenye nyumba, yule mwalimu," Mabula akamsaidia.

"Basi muulize baba yako. Nimelipa mwaka mzima tangu Juni, na karatasi ninayo. Hata Fredrick wa chumba cha tatu kalipa mwaka. Nyie wenye nyumba mna nini? Mnataka tulipe mara ngapi?"

Nikamtazama baba mdogo. Aliendelea kuchonga.

"Baba mdogo, hela iko wapi?"

"Haya si maneno ya kuongelea uani," akasema. "Mfungulie mgeni, jua linamchoma."

Nikafungua. Mkono wangu mwenyewe ulizungusha ufunguo kwenye mlango wa bluu ulionunuliwa na Agape, na Mabula akaingiza godoro lake. Alinishukuru. Aliniambia ameuza ndama wawili wa baba yake ili apate kodi ile, amekuja mjini kujifunza ufundi wa pikipiki, na kwamba anamshukuru Mungu amepata nyumba ya watu wa heshima.

Njiani kurudi nikampigia Agape, nikamwomba anipe wiki mbili.

"Wiki mbili za nini? Vitu vyangu nimeshafunga."

"Kuna mtu ameingia kwa bahati mbaya."

Agape akasema, "Hana, hivi wewe ni mwenye nyumba au ni dalali? Maana huu mchezo naujua, ila sikutegemea uniuzie wewe." Akakata simu. Hajawahi kunipigia tena.

Jumatatu baada ya vipindi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Telesphor, nikiwa na bahasha ya karatasi za kiwanja. Alivaa miwani, akazipitia moja moja bila haraka.

"Mnunuzi ni Hana. Muuzaji huyu, mashahidi hawa, muhuri wetu huu hapa. Sasa shida iko wapi?"

Nikamweleza. Ilinichukua muda mrefu, na mara mbili ilibidi aniambie niongeze sauti.

"Mliandikishana naye chochote?"

"Hapana."

"Hakuna anayeandikisha," akasema, akavua miwani. "Kila mwezi nina kesi ya hivi. Mtu anaweka ndugu alinde pagale, pagale likiisha ndugu haondoki. Lakini kwako ni rahisi, karatasi zina jina lako. Wapangaji tutawaita waelezwe kodi ijayo ilipwe wapi. Yeye nitamwandikia barua. Siku saba akabidhi chumba. Niandike?"

Niliangalia viatu vyangu. "Andika."

Barua ilichapwa, ikapigwa muhuri. Nilikaa nayo kwenye pochi Jumanne na Jumatano. Ilikuwa inasugua kwenye daftari la maandalio kila nikitoa kalamu. Jumatano jioni nikampigia mama, Mamba, nikitegemea aniambie nimpe barua tu, au aniambie nimsamehe tu. Chochote, mradi aamue yeye.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hela amenunulia shamba," akasema.

"Shamba gani?"

"La mpunga, lile la bondeni. Alikuwa ameliuza. Mwenye nalo alikubali kumrudishia kidogo kidogo. Robo tatu ya bei bado."

"Kwa nini aliliuza?"

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akipiga mchi kwenye kinu.

"Mama?"

"Mwaka wako wa pili chuoni, mwanangu. Nilikwambia ada imetoka kwenye kikundi chetu cha kukopeshana; ulidhani kina hela hiyo? Tulikuwa tunagawana sabuni. Baba yako mdogo aliuza shamba. Akasema nisikwambie, usije ukashindwa kusoma kwa mawazo."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Na wewe miaka yote hii hukuuliza."

Alikuwa na haki. Niliwahi kujiuliza ada ile ilitoka wapi. Nilijiuliza kidogo, kama mtu anayechungulia chumba cha wengine, kisha nikafunga mlango. Baba mdogo alipokuja kulinda pagale na nikamuuliza mbona hakulima, alisema mgongo unamsumbua. Nikamnunulia dawa ya kuchua.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Ongea naye. Kwa mdomo wako. Msipelekeane makaratasi kama watu wa baraza."

Alhamisi nilikwenda kwa miguu ili nichelewe kufika. Mwendo ule wote nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa: asante kwa shamba, baba mdogo, sikujua, na chumba cha kwanza ni chako mpaka utakapochoka nacho. Ya pili yalikuwa yale ya kwenye barua. Nilijiambia nitaanza na yale ya kwanza, na baada ya hapo ya pili yatakuwa hayana kazi. Niliyarudia hadi midomo ikawa inacheza, na mtoto mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akanicheka.

Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda chake. Lusia alikuwa anakanda unga mlangoni kwake, na Mabula alikuwa amekaa chini, analainisha mnyororo wa pikipiki kwa oili. Chumba cha kwanza, cha baba mdogo, kilikuwa wazi. Niliona kitanda cha kamba, picha ya marehemu baba ukutani, na gunia jipya la mbegu za mpunga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesikia umeonana na Telesphor."

"Ndiyo."

"Kakuandikia?"

Nilitaka kusema hapana. Mkono ukatoa bahasha. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanirudishia.

"Macho yangu hayaoni herufi za mashine. Wewe soma."

"Baba mdogo, si lazima..."

"Si umesoma? Soma."

Mabula akaacha mnyororo. Nikaifungua barua, nikaanza kuisoma kwa sauti niliyoizoea darasani, kwa sababu sikuwa na nyingine. Ndugu Kassiani, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nyumba unayoishi ni mali halali ya ndugu Hana. Unatakiwa kukabidhi chumba pamoja na hesabu za kodi ndani ya siku saba. Nilipofika kwenye neno halali, Lusia alisema polepole, "Kumbe," na kumtazama baba mdogo kama mtu aliyeuziwa andazi bichi.

Baba mdogo aliweka kiganja kwenye ukuta.

"Nilikulindia tofali hizi mwaka mmoja na nusu," akasema. "Mvua yote ile nililala chini ya turubai. Nyoka aliingia, nikamuua, sikukwambia. Mafundi walitaka kukuibia saruji, nikakaa macho. Uliniletea unga."

"Najua."

"Unga wenyewe wa dona ulioingia wadudu."

Uongo haukuwemo. Nilikuwa nanunua wa bei ya chini.

"Shamba langu lilikwenda chuoni kwako," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nikasema, nyumba itarudisha shamba. Sijala hata shilingi, sijanywea pombe. Shamba likikamilika narudi Mamba, vyumba vyako nakuachia. Miaka mitatu. Niachie nipokee kodi miaka mitatu, mwanangu, tumemalizana."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuwaambia mafundi nyumba ni ya kwako?"

Niliziona hesabu zangu zote kwa mpigo, sauti ya yule mtu wa WhatsApp, miezi iliyobaki ya makato, Agape na mizigo yake aliyoifunga. Miaka mitatu ya kupangisha bila kupokea kitu, huku mshahara unakatwa, nisingeiweza. Ningeuza nyumba kabla mkopo haujaisha. Na nilimwona pia yeye, mzee mwenye shati moja la kanisani, aliyenilipia ada na hakutaka nijue. Vyote viwili vilikuwa kweli, na nyumba ilikuwa moja.

Akagonga barua kwa kidole. "Haya uliyosoma ni maneno ya Telesphor. Telesphor sikumlea. Ninachotaka kusikia ni chako. Maana wewe tangu mdogo ukiulizwa unataka nini unaangalia chini, halafu watu wanakisia, wakikosea unalia. Mimi nimechoka kukisia. Niambie wewe mwenyewe, mbele ya hawa, unataka nini."

Nikayatafuta yale maneno ya kwanza. Asante kwa shamba. Yalikuwepo. Lakini nilijua nikianza na hayo atalia, na mimi nitalia, na tutashikana mikono, na mwisho wa mwezi ataniambia wanasuasua.

Safari hii sikuangalia chini.

"Nataka uondoke, baba mdogo," nikasema, kwa nguvu, hadi Lusia akaacha kukanda. "Nyumba ni yangu. Nataka uondoke."